Premio au RAV4 kwa familia ya Mbeya? Anza na pale lami inapoishia

Watu wengi huku kwetu wakitaka gari ya familia wanaanza na picha za mtandaoni, wanafungua simu wanaangalia Premio, wanaangalia RAV4, wanalinganisha dola kwa dola, basi wameshaamua. Mimi nimekaa na zote mbili, Premio miaka minne na sasa hivi natembelea RAV4, na mtu akiniuliza achukue ipi huwa namuuliza na mimi, kwako lami inaishia wapi? Siongelei barabara kuu, ile ya kwenda Tunduma hata Vitz inapita vizuri tu. Naongelea kile kipande cha mwisho, toka lami mpaka getini kwako, na kile kingine toka lami mpaka kwa wazazi kijijini. Gari ya familia huku nyanda za juu inachaguliwa pale.

Nikisema sedani namaanisha hizi Premio, Allion, Axio, Mark X, Crown na wenzake. SUV ndogo ni RAV4, X-Trail, Forester, CR-V, Escudo. Nitaongea zaidi Premio na RAV4 kwa sababu ndo nimeziendesha kwa hela yangu, ila mengi yanafanana.

Kimo kwanza, maana ndo kilichonihamisha. Premio ile ya kuanzia 2007 iko juu ya ardhi kama sentimita 16 hivi, RAV4 inakaribia 20, Forester inapita hapo. Ukisikia tofauti ya sentimita nne unaona ni kitu kidogo. Sasa pakia baba, mama, watoto watatu, bibi, na gunia la viazi nyuma, sedani inakaa chini, shokapu zikiwa zimechoka ndo kabisa, zile 16 hazipo tena. Na njia zetu za udongo zikipitwa na Canter na Fuso za viazi zinachimbika mistari miwili mirefu halafu katikati panabaki mgongo. Gari ya chini haikwami kwa sababu tairi zinateleza, inakwama kwa sababu tumbo limekaa juu ya ule mgongo na tairi zinazunguka hewani.

Ilitukuta mwezi wa kwanza, tunaenda kumuona mama mkwe upande wa Rungwe, ukiacha lami ya Tukuyu unaingia ndani kama kilomita sita, migomba huku na huku. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha lakini asubuhi kukawa na jua nikajipa moyo. Tumeshuka vizuri mpaka kwenye kijito, tunapanda upande wa pili nikasikia chini kama mtu anakokota sufuria kwenye saruji, krrrr, halafu kikaja kishindo kimoja, gari ikasimama. Nikashuka, nikainama, jiwe la ukubwa wa ngumi limechungulia kwenye mgongo wa njia na oili inadondoka juu yake tone moja moja, nyeusi, inatengeneza duara kwenye tope. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka. Mke wangu akashusha watoto, akambeba mdogo mgongoni, akaniambia tu, "Baba watoto, zima gari." Hakulaumu. Vijana wa pale walikuja wakaweka majani ya migomba chini ya tairi, tukaisukuma hadi kwenye uwanja wa kanisa, tukalala huko siku mbili tukisubiri fundi aje na sampu kutoka mjini. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, gari ya mwenzio ile ya juu ilipita jana." Alikuwa anasema kwa huruma kabisa lakini nililisikia hilo neno hadi tumboni.

Kwa hiyo kama una kijiji cha namna hiyo na unaenda mara moja kwa mwezi, au nyumba yako iko ndani ndani huko Iganzo au Itezi ambako kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4 ni tope, hapo mimi sina mjadala mrefu, chukua gari ya juu. Huu udongo wetu wa volkano ukilowa unakuwa kama sabuni.

Ila sasa nisiwadanganye, sedani ina mambo yake mazuri na mengine nayakumbuka hadi leo.

Mafuta. Premio ya injini ya lita 1.5 nilikuwa napata kilomita 12 hadi 14 kwa lita nikichanganya mjini na barabara kuu. Hii RAV4 ya 2.4 napata 8 hadi 9, nikiwa mpole barabara kuu inafika 10 au 11. Chukulia familia inatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, shule, kazini, soko, kijijini mara moja. Premio kwa 13 unatumia lita kama 115. RAV4 kwa 9 unatumia lita kama 167. Tofauti lita 50 na kitu kila mwezi, zidisha mwenyewe kwa bei ambayo EWURA wametangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ukumbuke bei ya huku haiwi ya Dar kwa sababu mafuta yamesafirishwa. Kwa mwaka ni lita zaidi ya 600. Hiyo ni ada ya mtoto kwa baadhi yetu. Halafu kuna kitu watu wanasahau, tangu 2017 ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mwenye gari inayokunywa zaidi ndo analipa zaidi, kila lita ina kodi yake ndani.

Lakini hapo kuna mtu ananiuliza mbona umechukua 2.4, na ni swali zuri. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ukipanda kwenda Chunya au Isyonje unazidi mita 2,000. Huku hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kama asilimia 15 ukilinganisha na iko Dar. Ile Premio ya 1.5 ikiwa na watu watano kupanda mlima na semi mbele yako inatembea 20, kuipita ilikuwa ni mahesabu na maombi. Unakanyaga, injini inalia, gari haiondoki. Kwa hiyo hata ukichagua sedani, kwa huku usichukue 1.5 kama unasafiri na familia nzima, chukua 1.8, mafuta yanaongezeka kidogo tu lakini unapumua mlimani. Na kwenye SUV, 2.0 inatosha watu wengi, X-Trail na Forester za 2.0 ziko nyingi. Mimi nilikuta hii 2.4 ni safi, ya mtu ninayemjua, nikaona afadhali injini kubwa ninayoijua historia yake.

Mambo ya ndani sasa. Hapa watu wanadhani SUV inashinda kila kitu, siyo kweli. RAV4 ya umbo la tatu, ile tunayoiita Miss Tanzania, ukipima kwa urefu ni fupi kuliko Premio, ina mita 4.3 na Premio ina 4.6. Ila ni pana zaidi, kwa hiyo nyuma watoto watatu wanakaa bila kugombana viwiko. Premio kiti cha nyuma kina nafasi nzuri sana ya miguu, tena kinalala kidogo, bibi akikaa pale anasinzia hadi Makambako.

Shida ya bibi ni kuingia na kutoka. Mama mkwe magoti yanamuuma, kwenye Premio alikuwa anaingia kama anakaa kwenye kigoda cha jikoni, kushuka lazima watu wawili wamshike mikono. Kwenye RAV4 kiti kiko usawa wa kiuno chake, anakaa pembeni, anageuza miguu, amemaliza. Hilo jambo haliandikwi kwenye matangazo ya magari lakini kama una mzee nyumbani liweke juu kabisa ya hesabu zako. Hata kumfunga mtoto mkanda, mgongo wako hauinami.

Buti nalo lina hadithi yake. Sedani buti limefungwa kivyake, SUV buti na chumba cha abiria ni kitu kimoja. Sasa sisi watu wa huku tukitoka Kyela hatutoki mikono mitupu, mchele, kokoa, na usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Ile usipa kavu ukiweka kwenye buti la Premio ukafunga, mnafika mjini mnasikia harufu kidogo tu. Niliweka mfuko mmoja nyuma ya RAV4, tena nimeufunga kwa nailoni mbili, tumepanda hadi Uyole madirisha wazi na baridi lote lile la jioni, na wiki nzima iliyofuata watoto wanaenda shule wananuka ziwa. Siku hizi usipa na kuku vinapanda juu kwenye keria. Ila mikungu ya ndizi, godoro, baiskeli ya mtoto, hivyo sedani haiwezi, SUV unalaza viti vya nyuma unaingiza. Angalia tu mlango wa nyuma wa RAV4 unafunguka kwa pembeni kama mlango wa chumba, siyo kwenda juu, ukipaki umegusa ukuta pale Mwanjelwa hutoi kitu, na mvua ikinyesha haukukingi kama ule wa X-Trail.

Safari ndefu. Mbeya Dar ni kilomita 830 hivi. Kwenye hiyo safari, kama nyumbani kwako ni lami na kijijini ni lami, sedani ni bora, nasema kwa moyo mweupe. Inakaa chini, kwenye kona haiyumbi, kelele za upepo ni kidogo, ukifika Dar mgongo hauumi. RAV4 na wenzake wako juu kwa hiyo kwenye kona za Kitonga zinalala kidogo, watoto wangu wawili walianza kutapika baada ya kubadilisha gari, kabla hawakuwa na shida hiyo. Na uzito ukiwa juu unahitaji adabu zaidi, ukiingia kona kwa spidi ya Crown ukiwa na SUV unatafuta kupinduka. Kwenye matuta ya barabara kuu ndo inageuka tena, sedani iliyojaa unavuka kila tuta kwa mshazari unasikilizia bampa, SUV unapita taratibu unaendelea na maongezi.

Kushuka milima, Kitonga au Mlima Nyoka, zote mbili ni kitu kimoja, weka gia ya chini uache injini ishike gari, usikae na breki mguuni mwanzo hadi mwisho. SUV nzito ikichemsha breki inachukua muda zaidi kusimama, hilo nalo lijue.

Kodi na umri wa gari. Kama unaagiza Japan, TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, ingiza gari unayoitaka kabla hujatuma hata senti. Kuna vitu viwili vinavyotofautisha hizi gari mbili. Kwanza ukubwa wa injini, ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, ukizidi 2,000 ni asilimia 10. Hapo 2.4 imeshakuumiza. Pili ni uchakavu, gari ya miaka 8 hadi 10 inaongezewa asilimia 15, ikizidi 10 inaongezewa 30. Hii RAV4 ya Miss Tanzania iliuzwa Japan mpaka 2016, Premio waliendelea nayo mpaka 2021. Maana yake kwenye sedani una nafasi ya kupata gari changa zaidi yenye kodi ndogo zaidi, na kwenye RAV4 hilo dirisha limefungwa au linafungwa. Bajeti ya mwezi wa sita huwa inabadilisha mambo, kwa hiyo hesabu za jirani yako aliyeagiza miaka mitatu iliyopita usizitumie.

Spea za Toyota zote mbili zipo Mbeya hapa hapa. Kinachotofautiana ni bei ya vitu vya kila siku. Tairi ya Premio ni 195/65 R15, utaipata kila duka. RAV4 nyingi za Miss Tanzania zinavaa 225/65 R17, na tairi nne za saizi hiyo ukiambiwa bei unakaa chini kwanza. Bushi za chini na shokapu za SUV nazo bei iko juu, ila kwa njia za tope sedani utabadilisha mara nyingi zaidi kwa hiyo hapo naona zinakaribiana. Forester ni gari nzuri sana kwenye utelezi, pengine kuliko zote hapa, lakini injini yake imelala, yaani pistoni zinacheza kwa ubavu badala ya juu na chini, kabla ya kununua tafuta kwanza fundi anayeijua kweli kweli ndo utafute gari. CVT, zile gia boksi za otomatiki zisizo na hatua za gia, ziko kwenye X-Trail ya umbo la pili na hata kwenye hizi Premio na Miss Tanzania zetu, ukiweka oili ya gia boksi ambayo siyo ya CVT umeua gia boksi, simamia mwenyewe pale gereji uone kopo.

Sasa sehemu inayoniuma zaidi maana nimeona watu watatu wameingia humo. Siyo kila RAV4 ni 4WD, yaani inayovutwa na tairi zote nne. Ziko nyingi tu zinazovutwa na tairi za mbele peke yake, kwa macho ni gari moja, kwa bei zinakaribiana. Mtu ananunua akijua amenunua gari ya tope, mvua ya kwanza anateleza kama Premio tu, tofauti ni kwamba hakwangui chini. Inama chini ya gari uangalie nyuma, kama kuna difu, lile boksi la chuma katikati ya tairi za nyuma, na propela shafti, chuma kirefu kinachokuja toka mbele, hiyo ni 4WD. Kama hakuna, hakuna. Kwenye X-Trail ya zamani kuna swichi ya kuchagua 2WD, AUTO na LOCK, kwenye Miss Tanzania yenye 4WD kuna kitufe cha kufunga. Sisemi 2WD ni mbaya, kama shida yako ni mashimo na matuta 2WD inatosha na inakula mafuta pungufu, ila jua unachonunua. Na ukipata ya 4WD, tairi zote nne ziwe saizi moja na uchakavu unaolingana, ukichanganya mpya mbili na kipara mbili unaua ule mfumo taratibu bila kujua.

Kuna njia ya kati watu wanaipenda, kuinua sedani kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi na shokapu. Mimi nilifanya baada ya ile sampu. Inasaidia kweli, unapata sentimita mbili tatu, lakini jointi za ekseli zinakaa kwenye pembe ambayo hazikutengenezewa, zikaanza kugonga nikikata kona, taa zikawa zinamulika juu watu wananiwashia full njiani, alaimenti haikai. Kama kipande chako kibaya ni kifupi, mita 200 za mawe kabla ya geti, weka spesa za kiasi na kinga ya chuma chini ya sampu, inatosha. Kama ni kilomita sita za Rungwe usijisumbue. Ipo pia Premio ya 1.8 yenye 4WD, inavuta vizuri kwenye utelezi, ila tumbo liko pale pale kwenye ule mgongo.

Kwa hiyo kwa familia ya watu wanne wanaoishi Forest, Soweto, Sae, shule iko lami, kazi iko lami, wanaenda Dar mara tatu kwa mwaka na kwao ni Vwawa mjini au Makambako, mimi nitawaambia Premio au Allion ya 1.8 bila kusita, hela inayobaki kwenye mafuta wafanyie mengine. Kwa mwenye wazee, watoto watatu, na kijiji cha ndani Rungwe, Makete au Ileje, SUV ya 2.0 yenye 4WD. Kwa ambao watu ni sita saba kila siku, hizi zote mbili siyo zenu, angalieni Noah, au Vanguard yenye viti saba japo vile viwili vya nyuma ni vya watoto tu.

Na kabla hujalipa, azima au kodi gari ya aina unayoitaka, pakia familia yako yote pamoja na mzigo wenu wa kawaida, siyo wewe peke yako na dalali, mwende mpaka kijijini. Nenda mwezi wa pili au wa tatu, usiende mwezi wa nane. Sisi RAV4 tuliijaribu hivyo, mwenye nayo alikuwa amekaa mbele kushoto ameshika kile kishikio cha juu muda wote, tukavuka kile kijito, tukapanda upande wa pili, lile jiwe bado lipo pale pale. Mke wangu akaniambia simama. Akafungua mlango, akaliangalia, akafunga mlango akasema, "Twende kwa mama."